Glasi ya Mafuta

Dada yangu,

Shuka ulilonitumia limefika, ila usingizi ndio hauji. Huku mvua haikatiki.

Kazi yangu unaijua: kabla ndege ndogo haijaruka, nakinga mafuta ya tangi kwenye glasi nione kama yana maji. Jumatatu rubani aliniambia, "Mzee wa glasi, leo usinicheleweshe." Nikacheka, nikaacha. Ilipopaa tu injini ikazimika, ndege ikaangukia shambani.

Baadaye nilikinga mafuta ya pipa lile lile tulilojazia ndege. Maji yalituama chini ya glasi.

Rubani amevunjika miguu yote miwili. Wakaguzi walipomuuliza, alijibu, "Tuliyapima, yalikuwa safi." Ananifichia kosa, dada, na mimi leo siku ya nne nimenyamaza.

Kesho asubuhi nawapelekea glasi. Nikifungwa, mwambie mama likizo yangu imesogezwa mbele.

Ni mimi kaka yako, niliyechoka.