Baraka Uliyoiomba Ukiwa Chini

Mtaa wa Los Haticos,
Maracaibo.
14 Julai, 2023

Mpendwa mwanangu Eudomar,

Mungu akubariki. Nimeanza na jibu ingawa hujaniomba baraka, kwa sababu nimechoka kungoja uiombe. Hujambo lakini? Dayana hajambo? Na mtoto, meno yameshaota? Nasikia baridi ya huko Iquique mwezi huu haina mchezo, na kifua chako tangu utotoni si cha kuaminika. Vaa lile sweta la bluu, wala usinitikisie kichwa.

Sisi huku tu wazima, kwa uzima wa Maracaibo unavyoujua. Joto ni lile lile, umeme unakuja na kuondoka unavyojisikia, na maji tunayakinga yakipita. Goti langu la kushoto linauma nikikaa sana, na siku hizi nakaa sana, utaona kwa nini. Bibi yako anakula vizuri. Asubuhi anataka mandoca zake za kukaanga, za moto na jibini, na ukimpa mkate ananuna mpaka mchana. Akili yake inakwenda na kurudi. Jana aliniita kwa jina la marehemu dada yake, leo kanikemea kwa jina langu kamili.

Barua hii anakuletea Nola, mke wa fundi wa viyoyozi, anayekwenda huko kwa binti yake. Nimeshika kalamu kwa kuwa simu zangu hupokei na ujumbe wangu hufungui. Usidhani sijui sababu. Ni tangu ile Jumamosi kwenye mchezo wenu wa vita wa kompyuta, ulipoangushwa nje ya duka la dawa, ukaita tabibu, na tabibu aliyekuja kukuinua alikuwa na jina la Nerwin na sauti ya Nerwin.

Ni mimi, Eudomar. Aliyekuinua ni mimi shangazi yako, nimekaa kwenye kiti cha mwanangu na miwani yangu ya kushonea puani. Hakuwa mzimu, au kama alikuwa mzimu, basi mikono ilikuwa yangu. Soma hapo mara mbili kisha uendelee, maana nina jambo la kukuomba, na sitaki ulikatae kabla hujalisikia.

Baada ya mazishi ya Nerwin sikuweza kuingia chumbani kwake. Nilikuwa nikipita mlangoni nimegeuza uso, kama mtu anayedaiwa na mwenye nyumba. Ndipo Gocho, mwenye seva ya mchezo wenu, akanipigia simu kunipa pole. Unawajua watu wa milimani, wana adabu hata wakikutukana. Alinipa pole ndefu hata ikabidi mimi nimbembeleze yeye. Mwishoni akasema, "Mama Nerwin, samahani sana kama nakuudhi. Sauti yake bado imo kwenye mchezo. Niifute au niiache? Naomba uamue wewe."

"Sauti gani?" nikamwuliza.

Akanieleza mambo ambayo nyinyi wawili mlinificha miaka yote, washenzi nyinyi. Kwamba kila mmoja alijirekodi. Kwamba ukiangushwa na kubonyeza kitufe cha kumwita tabibu, sauti yako inalia "Baraka, shangazi!" kama ulivyokuwa ukiingia mlangoni kwangu. Na kwamba tabibu akishamaliza kukufunga jeraha, ndipo anapokujibu. Nilijua mnacheza. Sikujua kuwa mnanicheza mimi.

Gocho alisema anaweza kuikata ile sauti anitumie kwenye simu. Nilikataa. Ningeisikiliza jikoni, ningeisikiliza chooni, ningeisikiliza mpaka iwe kelele tu kama ya feni. Nikamwambia nifundishe mchezo.

Mwanangu, nimeshona magauni ya maharusi wa mtaa mzima, lakini nilishindwa kumpitisha yule askari wa Nerwin mlangoni. Nilimgongesha ukutani, nikamtumbukiza mtaroni, nikamtazamisha mbinguni. Nilipojua kutembea, nikawa nakufa. Kila aliyeita nilimkimbilia, na kila nilipokimbia nililala kando yake, na sauti ya Nerwin sikuisikia hata mara moja, kwa kuwa haitoki mpaka umfikie mtu, upige magoti, na umalize kazi.

"Mama Nerwin, unakwenda wapi tena?" Gocho aliniuliza.

"Huyu hapa anaita!"

"Anaita, ndiyo. Na aliyemwangusha yuko juu pale dirishani, anamngoja mjinga wa pili. Tafadhali, rudi ukutani."

"Kwa hiyo nimwache afe?"

"Mwache aite kidogo, mama. Ukifa wewe, nani atatuinua?"

Niliuzima mchezo siku hiyo nikalia. Mwambie mama mwingine amwache mtoto aite kidogo, si mimi, si mwaka huu. Lakini kesho yake nilirudi.

Sasa najua, na nakwambia bila aibu kwamba najua kuliko wengi wenu. Tabibu hafuati kelele, anafuata ukuta. Anatupa bomu la moshi kwanza, halafu ndipo anakwenda. Anajifunga jeraha lake kabla ya la mwenzake, jambo lililonichukua muda kulikubali. Hakai mbele na wenye bunduki kubwa, wala hakai nyuma mpaka asiwasikie. Wakianguka wawili, anaanza na yule aliye nyuma ya kitu, hata kama wa barabarani ndiye anayelia zaidi, kwa sababu huyo akiinuka atakulinda unapomwendea mwenzake. Na haoni wivu wengine wakihesabu waliowaua. Nerwin aliyajua haya yote, mtoto aliyekuwa hajui soksi zake ziko wapi.

Wa kwanza niliyemwinua alikuwa kijana mmoja wa Barinas, kaanguka nyuma ya lori. Nilitupa moshi, nikatambaa, nikapiga magoti, nikashikilia kitufe mpaka kidole kikauma. Ndipo chumba kikasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Haya, inuka, mvivu wewe!"

Ilikuwa sauti ya Nerwin ikiigiza sauti yangu, na ukwaruzo wangu wa asubuhi akautia. Kijana wa Barinas akashukuru, akaenda zake vitani. Mimi nikabaki nimepiga magoti nyuma ya lori mpaka nikauawa.

Natumia spika, kwa sababu vile vya kuvaa masikioni vinanitoa jasho, kwa hiyo bibi yako naye alisikia. Akauliza kutoka chumbani kwake, "Nerwin, umekula?" Nilimjibu, "Amekula, mama." Ningesema nini? Tangu siku hiyo anauliza kila mara, nami najibu kila mara.

Sitakuficha, kuna alasiri naogopa. Herufi za kibodi zimefutika pale vidole vyake vilipozoea kukaa, na vyangu vinakwenda pale pale bila mimi kuvituma. Juzi umeme ulikatika katikati ya mechi. Mashine ikafa, feni ikafa, friji ikafa, nyumba nzima kimya. Nikamsikia bibi yako chumbani anasema, "Amina." Nikaenda kumwuliza anamjibu nani. Akanitazama kwa kuudhika. "Si huyu Nerwin! Ananibariki mimi, bibi yake mzaa mama! Watoto wa siku hizi hawana adabu." Nilifungua madirisha, nikaketi naye, nikamshika mkono mpaka umeme uliporudi.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi yako. Jina lako lilipoingia nilifurahi mpaka nikapiga meza. Nilidhani umelitazama jina langu kwenye orodha na umeelewa. Gocho alishanishauri nilibadilishe, lakini sauti inafuata jina, ningebadilishaje? Ukaangushwa, ukaita, "Baraka, shangazi!" Nilikuja vizuri, Eudomar. Nilikuja kwa ukuta, kwa moshi, kama nilivyofundishwa. Uliposikia jibu uliinuka ukasimama katikati ya barabara, husogei, hupigi risasi, mpaka wakakuangusha tena. Nikakuinua tena. Ikasema tena. Halafu jina lako likazimika.

"Mama Nerwin," Gocho alisema polepole, "nadhani yule tumemwua kwelikweli."

Najua unachokibeba. Siku ile ya mwisho niliporudi kutoka hospitali bila mwanangu, mashine ilikuwa bado inawaka, na maneno yako yalikuwa kwenye skrini. "Uko wapi, mzembe? Nakuita tangu lini? Tabibu gani wewe, tumekufa wote kwa sababu yako." Nimeyasoma, ndiyo. Sikukasirika wakati ule na sikasiriki leo. Mlikuwa mkitukanana hivyo tangu mnavaa kaptula moja kwa zamu. Ungejuaje kuwa safari hii alikuwa anakufa?

Lakini kuna jambo hukuliona, na hakuna aliyeliona ila mimi. Homa ya dengue ilimshika katikati ya wiki. Nilimwambia alale, akasema mna mechi. Nilipomletea supu nilimkuta kichwa kiko juu ya meza. Jirani akaleta gari, tukamshika huku na huku, mimi nahangaika na kiatu chake. Akafungua macho. Hakunitazama mimi, aliitazama skrini.

"Mama," akasema, "Eudo yuko chini. Kaomba baraka. Bonyeza kile chekundu."

Unakikumbuka kile kitufe alichokipaka rangi yangu ya kucha, nikamchapa kofi la bega kwa kunimalizia kichupa. Nilikibonyeza. Nilikikandamiza kwa nguvu zangu zote na kiatu chake mkononi. Hakikusema kitu.

"Tayari?" akaniuliza.

"Tayari, mwanangu," nikamwambia. "Ameinuka."

Akafumba macho. Ndani ya gari hakuuliza kitu kingine, wala hospitali hakuuliza. Aliridhika, Eudomar. Maneno yako hakuyasoma, yalifika tumeshaondoka. Alichokisikia mwisho kutoka kwako ni "Baraka, shangazi," na alikwenda akijua kuwa umejibiwa.

Mimi sikujua kuwa tabibu lazima afike. Nilidhani kubonyeza kunatosha. Gocho aliponifundisha kupiga magoti kando ya mtu ndipo nilipotambua kwamba yule askari wa Nerwin alikuwa mbali nawe siku ile, na kwamba wewe ulibaki pale pale chini. Basi nikajifunza. Wanawake wa hapa mtaani wanasema Ninoska amechanganyikiwa, mtu mzima na nguo nyeusi anapiga kelele na mashine. Na waseme. Nilimwambia mwanangu kuwa umeinuka, na nilitaka iwe kweli.

Ombi langu ni hili. Kila Jumamosi, umeme ukiniruhusu, nitakuwa pale baada ya chakula cha mchana. Njoo. Sikuombi ushinde, wala sikuombi unizungumzie lolote. Ukianguka, ita kama ulivyozoea, na sauti ikikujibu usiondoke. Isikilize mpaka mwisho, kisha uende nyuma ya ukuta, maana kusimama katikati ya barabara ni ujinga hata kwa mwenye huzuni. Na baadaye, ukipata nguvu, nipigie simu, uniombe baraka kwa mdomo wako. Masikio yangu yana njaa ya neno hilo.

Nisalimie Dayana, na umwambie kitambaa cha gauni la ubatizo nimeshakipata. Mbusu mtoto kwenye nyayo. Baba yako, kaka yangu Heberto, mwambie anapaswa kumwandikia mama yake hata mstari mmoja. Gocho anakusalimu na kukuomba radhi, kwa urefu, kama kawaida yake. Bibi yako nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri sana, akasema nikuulize kama umekula.

Bikira Chinita wetu akufunike kwa nguo yake huko uliko, akulindie kifua, akulindie usingizi.

Mungu akubariki, mwanangu. Haya, inuka.

Shangazi yako asiyechoka kukupenda,
Ninoska