Kunguru Wangu wa Bwera

Mjukuu wangu Biira,

Huku Bwera sote wazima, na mama yako anavuna kahawa. Unauliza kama kunguru hufukuza mwewe. Hufukuza! Miaka ile ya sitini nilipoolewa, mwewe alinimalizia vifaranga, nikaanza kuwatupia kunguru matumbo ya samaki wa Katwe. Mama mkwe akafoka, "Mutu gani analisha wezi?"

Siku moja alikuwa uani akipepeta maharage, mwewe akashuka, akanyakua kifaranga. Kunguru sita wakamvamia, wakamnyonyoa mkia hadi kifaranga kikamponyoka, kikaangukia ndani ya ungo wake, kizima, kinalia!

Mayai waliniibia, sikatai. Lakini kesho yake nilimkuta mama mkwe uani, anawatupia matumbo mwenyewe.

Bibi yako