Mama Amemtaja Karimu

Shoga yangu Mwanaharusi! Ndiyo natoka kwa yule mshauri wa kodi hapa Marshalltown, Marekani.

Nilikwenda na mama kujaza ritani, zile fomu za kodi, za miaka iliyopita, nimuweke kama mtegemezi wangu nipunguziwe kodi. Mshauri akasema kaka yangu Karimu, mteja wake pia, ameshamuweka miaka yote.

Karimu, ambaye hata dawa ya presha hajawahi kumnunulia.

Mshauri akamuuliza mama mwenyewe, "Nani anakutunza?"

Mama akaniangalia, akasema, "Karimu."

Karimu. Mbele yangu.

Nikamwambia mshauri aniandikie wanangu tu kama wategemezi. Nje mama akaninong'oneza, "Ningesema kweli, wangemfunga nduguyo." Akanishika mkono.

Nikauchomoa, Mwanaharusi. Mkononi mwa mama yangu mzazi, nikauchomoa.