Taya Lililokwama Nyuma ya Lori

Jumanne, 14 Oktoba. Mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani Manono.

Niliamka meno yamebanana, kichwa kinauma. Kazi yangu mgodini ni kupiga kelele kuwaonya watu lori linaporudi nyuma. Leo mwenzangu Ilunga alikuwa ameinama nyuma ya lori likirudi, nami nikashindwa kufungua kinywa. Karibu na sikio kitu kililia kama kijiti kinachovunjika, taya likakwama. Nikamtupia jiwe mgongoni. Akaruka kando, lori likapita.

"Mi niko mbuzi ya kutupia mawe?"

Nikamwonyesha kinywa. Hata vidole viwili havikuingia. Akasema, "Usimuambie shefu, ndugu yangu. Atakufukuza."

Lakini kama jiwe lingemkosa...

Kesho nitamwambia shefu. Atanifukuza, nami nitafika Manono wiki ijayo, si Noeli kama nilivyopanga.