Ndizi ndani ya koti

Jumanne usiku

Njaa hii ninayolala nayo kaileta binti yetu Kristina, aliyerudi na masomo yake kutoka Japani. Eti kule wazee huacha kula kabla hawajashiba, ndiyo maana wanaishi sana. Mama yake kaamini, maana presha yangu imepanda tena. Nami naiogopa, nisijidanganye.

Leo mke wangu kaninyang'anya sahani ya ugali nikiwa bado naitazama. Nikatoka na ndizi mbivu ndani ya koti. Akanifuma nyuma ya nyumba.

"Baba Kristina, toa hiyo."

"Ni dawa ya kifua, mama."

Akacheka, akaikata katikati, tukala wote. "Mjapani wetu Kristina asijue," kasema.

Nusu yangu sikuimaliza, nimebakiza kipande kwa hiari yangu. Sikumwonyesha, angejivuna. Bado nataka kumsumbua miaka mingi.