Namba ya Ugali Aliyobaki Nayo Kisyeri

Kijiji cha Matongo,
S.L.P. 118,
Tarime, Mara.

13 Machi, 2022

Mpendwa mdogo wangu Athanas,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana najua hata ukinikasirikia huwezi kumpita dada yako bila shikamoo. U hali gani huko Mtwara? Kile kikohozi kimeisha? Mkeo na watoto hawajambo? Huku sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yetu, ninayekaa naye hapa, hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua kila mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku bila kufika.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Ukipiga ile namba yangu ya zamani anapokea shemeji yangu Kisyeri, na ndiyo maana habari zote ulizozipata mwezi huu zimetoka mdomoni mwake. Sasa kaa chini, mura, kijana wa kwetu, uzisikie za kwangu.

Kwanza tumalize hili. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia mpwa wako Winfrida, kwamba mama yake, yaani mimi, amwombe Kisyeri radhi mbele ya ukoo, nimeusikiliza mara mbili. Siombi. Ukishasoma mpaka mwisho, kama bado unaona nina kosa, uje unichape mwenyewe, lakini uje na nauli ya kurudi.

Unakumbuka kijiji kilivyokuwa kimya ulipoondoka. Tangu mawe mazuri ya dhahabu yatoke hapa jirani, hatulali. Wamekuja watu wa Geita, wa Kahama, hata Wakenya wa ng'ambo ya Sirari, na makarasha yanasaga mawe kutwa kucha, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mimi dhahabu siigusi, nawapikia wanaoigusa. Mchimbaji haachi shimo lake kwenda kutafuta ugali. Ananipigia simu, anataja sahani ngapi, nami nampandisha Winfrida kwenye bodaboda na ndoo mbili za chakula. Kwa hiyo ile namba ndiyo lilikuwa duka langu, Athanas. Iliandikwa kwa chaki kwenye kuta za makarasha yote, na kila shimo lilikuwa nayo.

Ila dhahabu ikija, kila kitu kinapanda nayo. Mkaa umepanda, vitunguu vimepanda, hata maji ya kununua yamepanda. Halafu matokeo ya kidato cha nne yakatoka Januari, na mpwa wako akafaulu vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa kwenye boma hili. Mwezi wa saba anatakiwa kidato cha tano, bweni, na godoro, na sanduku, na mengine yote unayoyajua. Tukakaa chini mimi na yeye, tukatafuta pa kubana.

Hatukutafuta mbali. Nyumba ile ndogo ilikuwa inalipa kampuni tatu kila mwezi. Moja ya king'amuzi, moja ya simu, moja ya kile kiboksi chako cha intaneti. Nyumba ya watu wawili na mama, naye mama hata ujumbe anaomba asomewe.

Kiboksi chako tulikishukuru. Kilimsaidia Winfrida kusomea mtihani, na hilo sitalisahau. Lakini mtihani umekwisha, na waliobaki wanakitumia ni vijana wa kijiji waliojipanga nje ya ukuta wangu tangu asubuhi, wanachekea simu zao. Hatukilipii tena. Nimekifunga kwenye boksi na dereva wa basi atakufikishia. Winfrida akitaka kusoma kitu ananunua bando la siku, anapakua, anazima.

Sasa king'amuzi. Unajua marehemu shemeji yako Wangwe alikinunua mwaka ule alipopata mawe, na akaweka kifurushi kikubwa kuliko vyote, chenye mpira wa Ulaya. Wangwe amelala kaburini mwaka wa tatu huu, na mimi sijui hata timu moja. Anayezijua ni Kisyeri. Kila kwenye mpira alikuja na wenzake wanne, akakaa kwenye kigoda cha kaka yake, akaagiza chai. Hakuna desturi ya kwetu inayoniruhusu kumwambia ndugu wa mume wangu atoke kwenye nyumba ya kaka yake. Lakini pia hakuna desturi inayosema nimlipie mpira. Basi nikaacha kifurushi kikaisha, nikanunua king'amuzi cha antena chenye chaneli za bure. Kisyeri alipokuja Jumamosi alikuta kwaya. Akaikodolea macho mpaka ikaisha, akaondoka bila kuaga, na wenzake wakahamia kibanda umiza, wanakolipia kuangalia mpira.

Ikabaki simu. Mtandao wangu wa zamani ulikuwa ghali na hausikiki bondeni, na nikienda Sirari kununua vitunguu ulikuwa unakamata minara ya Kenya na kula salio langu kabla sijasema haloo. Kuna kampuni nyingine imejenga mnara kilimani, bando lake ni nusu ya lile. Winfrida akaniambia siku hizi unahama mtandao na namba yako ileile. Nilifurahi mno. Nikavaa vizuri, nikaenda Tarime mjini kwa Zaitun, yule mama mwenye duka la simu karibu na stendi, nikamkabidhi kitambulisho changu cha taifa nilichokipata mwaka jana.

Zaitun akaniambia niweke dole gumba. Nikaweka. Mashine ikakataa. Nikaufuta mkono kwenye kanga, nikaweka tena, ikakataa. Akaangalia, akaniuliza kwa upole kama namjua mtu anayeitwa Kisyeri.

Ndipo nikakumbuka. Wakati ule serikali ilipotaka laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, boma zima lilikuwa na mwenye kitambulisho mmoja tu. Kisyeri alipita nyumba kwa nyumba akiweka dole lake: laini yangu, laini ya mama mkwe, laini za mashemeji wote. Tulimchinjia kuku. Tukamshukuru, tukasahau, na kumbe kila mmoja wetu alikuwa anatembea na laini ya Kisyeri mfukoni. Zaitun akasema hakuna shida, nije tu na mwenyewe, ni kazi ya dakika tano.

Nilimwendea kwa heshima, Athanas. Nilibeba sukari kilo mbili. Nilikaa pale chini, nikamweleza taratibu, nikamwomba anisindikize mjini siku moja. Akamaliza kunywa maji yake. Halafu akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Rudisha mpira, nitaweka dole. Usiporudisha, naichukua laini yangu."

Sitakuficha, niliogopa. Niliwaza mashimo yote yale, niliwaza godoro la Winfrida, nikakaribia kusema ndiyo, nitarudisha. Neno lilifika mdomoni. Kisha nikamwona anatabasamu, kwa sababu naye aliliona limefika. Hapo hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nikatoa simu, nikafungua mfuniko, nikachomoa ile laini nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Shika, shemeji. Ni yako."

Hela zilizokuwemo nilikuwa nimeshazitoa kwa wakala njiani, mimi si mjinga kiasi hicho. Kesho yake nikarudi kwa Zaitun, nikasajili laini mpya ya ule mtandao wa kilimani kwa kitambulisho changu na dole langu. Mashine ikakubali mara moja. Ujumbe ukaja, Zaitun akanisomea: imesajiliwa kwa jina la Waisiko. Nina miaka hamsini na mbili, mdogo wangu. Shamba ni la mume, nyumba ni ya mume, hata ng'ombe walionileta hapa walihesabiwa kwa jina la baba yetu. Nilimwomba anisomee tena.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nakubali. Nilipika kama kawaida na nusu ya chakula kikarudi. Tulikula ugali wa asubuhi jioni, na siku ya tatu nililia jikoni, Winfrida akajifanya anadhani ni moshi. Lakini hatukukaa. Tulizunguka makarasha yote kwa miguu, yeye akifuta namba ya zamani kwa kitambaa, mimi naandika mpya kwa chaki. Tulishindwa tu mashimo ya mbali, huko juu, ambako watu walikuwa na ile namba kwenye simu zao na hawateremki mpaka mwezi uishe.

Kisyeri, yeye, aliivaa ile laini kama medali. Aliitia kwenye kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, na akatangaza kwamba mke wa marehemu ametupa mali ya nyumba na yeye ameiokota. Kisha akaitisha kikao cha wazee wa ukoo, Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba ya mzee Mokami. Hicho ndicho kikao alichokusimulia kwenye simu. Nina hakika hakukusimulia kilivyoisha.

Alizungumza vizuri, simnyimi haki yake. Alisema nimewafukuza wageni wa kaka yake, nimeizima nyumba, nimejifanya mwanamume. Mzee Mokami akamuuliza kuhusu laini. Kisyeri akasimama, akainua simu juu wazee wote waione, akasema namba hii ni yake, imesajiliwa kwa dole lake, na mtu yeyote asimguse.

Ikalia. Pale pale, mkononi. Unavijua hivyo vitochi vya Kichina, vinasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Akabonyeza akidhani anaikata, kumbe amepokea, na kijana mmoja wa mashimo ya juu akasikika boma zima:

"Mama, leta sahani kumi na mbili, sita za dagaa. Na ugali uwe mgumu, wa juzi hukuleta kabisa!"

Hakuna aliyecheka. Wazee waliangalia chini, na mabega yao yakaanza kutikisika. Kisyeri akakata, ikalia tena, ni yule yule, anauliza kama mama amekasirika. Mzee Mokami akasubiri mpaka kukawa kimya, akamuuliza kwa mara nyingine, ile namba ni ya nani. Ungekuwa wewe ungesema nini? Alikuwa ameshasema mbele ya ukoo. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni yake.

"Basi wapikie," mzee akasema.

Hapo ndipo watu walicheka, Athanas, na mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipopewa nafasi ya kujitetea nilisema sina la kuongeza. Wazee wakaamua hivi: nyumba ni yangu kuibana ninavyotaka, anayetaka mpira atalipia mpira, na kwa kuwa namba ni ya Kisyeri na wateja ni wangu, asiizime. Kila atakayepiga kuomba chakula, Kisyeri amtajie namba yangu mpya, kwa adabu, mpaka wasipige tena.

Jioni ile ile alikuja kwangu. Hakukaa kwenye kigoda. Alisema kesho yuko tayari kwenda kwa Zaitun, aweke dole, anirudishie ile namba nihame nayo nipendako. Nilimkaribisha chai, na nikamwambia hapana. Namba ya kuomba kwa mtu nimeshaishi nayo vya kutosha. Nimemwambia pia asiache kuja kututembelea, na kwaya ipo kila Jumapili.

Sasa sahani hazirudi. Zinazidi hata zile za kabla, kwa sababu kisa kimefika mashimo yote na watu wanapiga ile ya zamani makusudi, wamsikie. Tumeshanunua godoro la Winfrida. Limesimama sebuleni pale ilipokuwa runinga kubwa, maana hiyo nayo niliiuza, nikanunua ndogo ya kutosha kwaya.

Winfrida anakusalimu sana na anasema asante ya kiboksi. Mama anakuombea kila siku na anataka uje Krismasi, si kwa maneno. Nisalimie mkeo, nisalimie Boke na mdogo wake, na umpe pole jirani yako yule aliyefiwa. Mungu akulinde kazini, akuzidishie afya, na akupe moyo wa kumsikiliza dada yako kwanza kabla ya watu wengine.

Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa. Ukiipoteza usihangaike, wala usimuulize mtu. Piga ile ya zamani, agiza ugali, na Kisyeri atakutajia. Anaijua kwa kichwa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na radhi siombi,

Waisiko