Mwamuzi Asiyeinua Kidole

Rajabu, rafiki yangu,

Najua hakuna posta inayofika ulipo, na siku hizi hata ya kutoka Mwanza haifiki hapa. Lakini kwa miaka mingi, kila Jumapili jioni, tulikaa barazani kwako tukachambua makosa yetu ya siku ile, waamuzi wawili wa mchezo ambao nusu ya mji haikuujua. Sijazoea kukosea bila kukusimulia.

Nimerudi Rwanda. Mkeo, Bi Zainabu, aliniruhusu niondoke kabla ya arobaini yako. Alisema mtu aliyengoja kurudi kwao tangu ujana asiambiwe angoje tena. Nyumba ya mdogo wangu Anselmi, huku mlimani Kibagabaga, Kigali, imebaki kuta. Mabati yalichukuliwa, milango ikachukuliwa, mparachichi ukaachwa. Anselmi na watu wake tumewazika, wale tuliowapata. Siandiki zaidi. Wewe uliiona Kagera ikimwaga maiti za watu wetu ziwani, ukaacha kula samaki mpaka siku yako ya mwisho, kwa hiyo unajua.

Utashangaa kusikia kwamba hapa pana kriketi. Yupo mfanyabiashara mmoja, Jayanti, muuza vyombo mjini. Alirudi mapema na wanawe kufungua tena duka lililovunjwa, na Wahindi wenzake wachache wakamfuata. Upande wa pili ni vijana wetu waliolelewa Uganda, ambao mchezo huu waliusoma shuleni kama walivyosoma hesabu. Walikutana dukani kwake, wakataniana, wakapatana kucheza kila Jumapili kwenye kiwanja cha shule iliyofungwa, karibu na ninapokaa. Vijiti vya kulengwa na mpira walivichonga kwa mkaratusi. Kabla ya kuvichomeka ardhini waliwauliza kwanza majirani ni wapi palipochimbwa makaburi. Mama mmoja akaja, akatembea mbele yao akisema hapa sawa, hapa hapana, hapa hapana. Ndivyo uwanja wetu ulivyopata mahali pake, na ndiyo sababu umekaa upandeupande.

Mwamuzi hawakuwa naye. Kila mpigaji alipotolewa palizuka ubishi, na ubishi wa Kigali ya sasa si ule wa Mwanza. Baadhi ya vijana huja moja kwa moja kutoka kambi ya jeshi, na silaha zao huzilaza kwenye nyasi na kuzifunika kwa jaketi. Jumapili moja kijana aitwaye Kalisa alikataa kwamba mpira alioupiga umedakwa kabla ya kugusa ardhi, yaani ametoka. Mwana wa Jayanti akamwita mwongo. Kalisa akageuka, akaanza kutembea kuelekea jaketi lake, polepole tu, kama mtu anayekwenda kunywa maji. Wenzake walimkumbatia wakamzuia. Mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Kesho yake Jayanti alinijia. "Mwalimu, mimi nasikia wewe alikuwa ampaya Mwanza. Fundisha watu. Kama ampaya hapana, mimi nafunga hii mchezo. Mimi hapana zika mtoto kwa sababu ya mpira."

Mwamuzi mmoja ningekuwa mimi, ingawa Wahindi walisema nimetoka nje kama wale vijana na nitawapendelea, na vijana wakasema macho yangu yamekwisha, jambo ambalo hata wewe ulilisema. Maamuzi mazito alitakiwa ayatoe mtu mwingine, na pande zote mbili zilimkubali mmoja tu, ambaye hakuwahi kuona kriketi maishani mwake: Anastazi, mtunza stoo wa Jayanti. Anastazi hakwenda popote. Alikuwa hapa wakati wote ule, na mkewe na watoto wake hawapo tena. Hakuna ambaye angethubutu kumwambia kwamba anapendelea.

Nilimfundisha kwa njia yako. Nilimfumbisha macho, nikagusisha mpira kwenye ubao wa kupigia, kisha kwenye kitambaa cha suruali, mpaka akatofautisha sauti hizo mbili hata upepo ukivuma. Nilimpa kokoto, ahamishe moja kutoka mfuko hadi mfuko kila mpira unaporushwa, asipoteze hesabu. Nikamwambia kwamba mwamuzi asiyeulizwa hajibu, na kwamba akiwa na shaka, mpigaji anabaki.

Hilo la mwisho aliniomba nilirudie.

"Kama iko mashaka, anabaki?"

Anabaki, nikasema.

"Hata kama wote wanapiga kelele?"

Hata wakipiga kelele wote.

Alizigeuza zile kokoto kiganjani. "Hiyo sheria ni nzuri, muzehe," akasema.

Kisha nikamfundisha kidole, ishara ya kwamba mpigaji ametoka. Unakumbuka kidole chako? Mkono wima, kidole juu, uso bila hasira wala furaha. Ulijigamba kwamba ulimwondoa meneja wa benki bila kufumbua mdomo, na Jumatatu akakupa mkopo. Nilimwonyesha Anastazi hivyo hivyo. Akasema ameelewa. Mkono wake hakuuinua, nami sikumlazimisha; nilidhani ni aibu ya mwanafunzi.

Jumapili ikafika. Kalisa alikuwa anapiga. Mpira ukaugusa ubao wake, ukaingia mikononi mwa mdakaji aliye nyuma yake, na sauti ile hata mimi niliisikia kutoka pembeni. Wakamlilia mwamuzi wote kwa pamoja. Mkono wa Anastazi ukafika kiunoni, ukasimama hapo.

Tukangoja.

"Ampaya, umekufa?" akauliza kijana mmoja, kisha nikamwona akitazama chini.

"Hajainua," Kalisa akasema. "Mimi nabaki." Na kisheria alikuwa na haki. Wana wa Jayanti wakang'oa vijiti, wakaondoka bila kuaga.

Nilibaki na Anastazi uwanjani. Nikamuuliza kama hakusikia.

"Nilisikia. Alitoka. Mukono ndiyo ilikataa." Halafu akaniambia, akiwa ametazama upande wa barabara. "Kwenye bariyeri, pale walifunga barabara chini kwetu, kulikuwa muzehe mumoja, jirani. Yeye hakushika panga. Alikuwa na kiti yake, anakaa. Watu wanapita, yeye anawajua wote, anainua kidole tu kwa wale wenye panga. Hakukuja karibu na mutu hata siku moja. Mke wangu alimusalimia. Alimwambia mwiriwe, kama kila jioni."

Siku zile, Rajabu, yule mzee akiwa kitini, mimi nilikuwa Mwanza, barazani kwako, nikisikiliza redio na kulaumu mawimbi yake mabovu.

Wiki ile nilibishana nawe. Nilikusikia ukisema sheria ni sheria, mwamuzi asiyeweza ishara atafutiwe mwingine. Nikakujibu kwamba mwingine hayupo. Ukasema basi mchezo ufe. Nikakumbuka Kalisa akitembea kuelekea jaketi lake, na nikajua kwamba vijana hawa hawataacha kukutana, watakutana tu bila mchezo. Siku moja, nyuma ya nyumba ya Anselmi, niliinua kidole changu kama ulivyonifundisha, mkono wima. Nilikitazama. Nikakishusha haraka, kana kwamba kuna mtu ameniona.

Jumapili iliyofuata nilizikusanya pande zote mbili. Nikawaambia kwamba hapa Kibagabaga mwamuzi hatainua kidole, atasema kwa mdomo. Sababu sikuitaja.

Kalisa akacheka. "Muzehe, hiyo ni kriketi ya wapi?" Akacheka kidogo tena, akamtazama Anastazi, akamtazama sana, na kicheko kikamwishia. Yeye naye ana watu wake ambao hakuwakuta.

Siku hiyo mpira ulimgonga Kalisa mguuni, mbele kabisa ya vijiti. Kukisia kama ungevipiga ndiyo maamuzi magumu, wewe unajua, yanayovunja urafiki wa watu wazima. Wakamlilia mwamuzi. Anastazi alitia kokoto yake mfukoni. Halafu, badala ya kusema kutoka alipo, aliacha mahali pake akaanza kutembea. Hilo sikumfundisha. Aliutembea uwanja wote, tangu vijiti vya huku mpaka vijiti vya kule.

"Anaenda kumununulia chai?" mrushaji akatania.

Anastazi alisimama karibu na Kalisa kiasi cha kuweza kumgusa. Nilikuwa pembeni, karibu nao, kwa hiyo nilisikia. Hakupaza sauti.

"Kalisa, umetoka. Mimi mwenyewe nimeona. Kwenda ukae."

Kalisa aliushika ubao kwa mikono miwili. Wakatazamana. Kisha akauweka kwapani, akaenda hadi ukingoni, penye jaketi lake. Alilisukuma kando kwa mguu, akakaa kwenye nyasi, akaanza kuzifungua kinga zake za miguu.

Tangu hapo ndivyo tunavyocheza. Kila anayetolewa hufuatwa alipo na kuambiwa usoni. Mchezo umekuwa mrefu, giza hutukuta hatujamaliza, na Jayanti hulalamika kwamba hata mazishi ni mafupi zaidi. Usidhani Anastazi amepona. Analala stoo, kati ya masanduku ya sufuria, kwa sababu hapana dirisha la barabarani. Yule mzee wa kiti alivuka mpaka, yuko Zaire kwenye kambi ya wakimbizi, na wanaotoka huko wanasema ni mzima. Ipo siku atarudi, apite njia hii hii akitusalimia.

Nimeanza kuwafundisha wengine wawili. Wamesoma vitabuni, wanaijua ishara, wananiuliza lini watafika kwenye kidole. Nimewaambia hatutafika.

Pumzika, Rajabu. Umenifundisha mchezo huu kwa subira kubwa, na nimeivunja sheria yako moja, nami nitaendelea kuivunja. Nakuahidi hili: maadamu nina pumzi ya kufundisha katika mji huu, atakayemtoa mtu atakwenda mpaka alipo mtu huyo, amtazame, amwite kwa jina, ndipo amwambie.

Mwenzako wa upande wa pili wa uwanja,
Leonidi